Jumanne Mama Hasemi

Mama mkwe wangu alikimbizwa hospitali akiwa mzima wa afya. Aliyemkimbiza ni mwanawe wa kwanza, honi ikilia njia nzima, na ugonjwa wenyewe ulikuwa mmoja tu: mama alikuwa amenyamaza.

Nalisema hili mapema kwa sababu habari ile ilizunguka mtaa mzima ikiongezwa chumvi, na mimi sitaki mama mkwe wangu aongezewe chumvi. Daktari alishamkataza.

Mama ni dobi mstaafu wa hospitali. Ujana wake wote na utu uzima wake aliumalizia kwenye jengo la nyuma, kwenye mashine kubwa za kufulia zinazonguruma kutwa, mvuke usoni, mashuka ya wagonjwa yakiingia na damu na kutoka meupe. Alipewa ukuu wa dobi akaushika mpaka siku ya kustaafu. Mpaka leo ukimtandikia kitanda ovyo hasemi kitu, anakitandua tu taratibu na kukitandika upya mbele ya macho yako. Mimi yalinikuta wiki ya kwanza ya ndoa.

Anaishi peke yake, mjane, kwenye nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya karakana ya seremala. Watoto wake ni watatu. Wa kwanza tunamwita Redio, kwa sababu akiwashwa hazimwi. Ni mfanyabiashara, ana nyumba kubwa na roho kubwa, na hajawahi kumaliza kusikiliza sentensi ya mtu mwingine. Wa pili ni wifi yangu, mwalimu, hodari wa kulia. Kitinda mimba ndiye mume wangu, ambaye maneno yote ya ukoo yaligawiwa kabla hajazaliwa.

Sasa, kumbe mama alikuwa na mpango wake ambao hakumwambia mtoto yeyote. Kila Jumanne, tangu anapofumbua macho mpaka saa sita mchana, hasemi neno. Ni asubuhi aliyompa Mungu. Wenzake wa kikundi cha sala wanajua, kila mmoja ana siku yake. Na kwa kuwa magoti yamegoma, hapigi tena magoti. Analala chali kwenye mkeka sebuleni, mikono kifuani, macho kafumba.

Jumanne hiyo mke wa seremala alikuja kuazima ungo. Akabisha, kimya. Akasukuma mlango, akamkuta bibi wa watu kanyooka sakafuni kama aliyekwisha kuoshwa. Akapiga yowe. Mama akafumbua macho, akaweka kidole midomoni, akatabasamu. Mke wa seremala akaona kidole, akaona mdomo haufunguki, akahitimisha: kiharusi. Simu ikapigwa kwa Redio.

Redio alifika na shati kalivaa kinyume, akamkuta mama amesharudia sala yake mkekani, macho kafumba. "Mama! Mama, sema jina langu!" Mama akatikisa kichwa, akamwonyesha saa ya ukutani, akatabasamu tena. Mama ana kovu la mvuke pembeni ya mdomo, hutabasamu upande mmoja tangu Redio hajazaliwa, lakini hofu haina kumbukumbu. "Mdomo umekwenda upande!" akapiga kelele, akambeba mzobemzobe mpaka garini.

Hospitalini daktari alikuwa mtu makini. Akamwambia inua mikono, akainua yote miwili. Finya vidole vyangu, akafinya mpaka daktari akavitikisa. Tembea, akatembea. Taja jina lako, mama akamtazama kwa upole, akatazama saa. Wakakaa hivyo, Redio akizunguka chumba kama kuku anayetaka kutaga. Saa sita ilipogonga, mama akakohoa kidogo.

"Haya daktari, samahani kwa usumbufu. Sasa niulize." Kisha akamgeukia mwanawe: "Na wewe umeegesha gari kwenye njia ya mikokoteni ya dobi. Katoe."

Wodi nzima ilicheka, daktari kwanza. Redio peke yake hakucheka. Mtu aliyelia njiani mbele za watu, halafu akaambiwa akatoe gari, hawezi kucheka siku hiyo hiyo.

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Ilikuwa Jumanne."

"Jumanne ndiyo nini?"

"Hukuniuliza siku zote hizo, leo ndiyo unauliza?"

Basi, jioni ile ile Redio akatangaza. Mama atahamia kwake. Chumba kipo cha chini, kina choo ndani, kuna msichana wa kazi, kuna televisheni ukutani. Mama akasema hataki, basi kikapangwa kikao. Na kabla ya kikao mimi, mke wa kitinda mimba, ambaye duka langu la vitambaa linaweza kuachiwa mdogo wangu, nikakae naye "kumsaidia saidia". Wifi akanivuta pembeni akanieleza maana ya kusaidia saidia: niangalie anasahau nini, anaanguka wapi, nije niseme.

Nilifika na begi langu na tabasamu la kinafiki. Mama alinipokea mlangoni.

"Umetumwa."

"Hapana mama, nimekuja tu kukuona."

"Karibu, mpelelezi. Wapelelezi nao wanakula?"

Nikacheka mpaka begi likanidondoka. Kuanzia hapo hatukufichana.

Nilichokiona nitakisema kama nilivyokiona. Asubuhi mama hakurupuki kitandani. Anakaa kwanza ukingoni, anashukuru kiungo kimoja kimoja, kwa sauti, kama mtu anayeita mahudhurio kazini. "Asante kwa macho, hata haya yenye ukungu. Asante kwa mgongo. Asante kwa goti la kushoto. La kulia, wewe tutazungumza." Kisha anaoga, anajipaka mafuta, anavaa gauni lililopigwa pasi hata kama haendi popote. Nikamuuliza anampambia nani. Akasema, "Mimi mwenyewe nipo humu ndani, au hunioni?"

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu lilikuwa mashuka. Kila Alhamisi mama na wenzake wawili huenda wodi ya wanawake, kwa wale wasio na ndugu wa kuwaletea kitu. Huwabadilishia mashuka, huwachana nywele, huwaombea wanaotaka kuombewa, na wasiotaka hupiga nao soga. Mashuka hayo watu huyatoa, yakiwa yamechoka, na wazee wale huyafua na kuyatia viraka. Kazi ya kukunja hufanyika sebuleni kwa mama.

Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja likakaa sawa. Mnasimama wawili, kila mtu na pembe zake mbili, mnavuta mpaka linyooke, mnakutanisha pembe, halafu mnasogeleana mpaka mikono yenu igusane. Mama anakazia hapo pa kugusana. Hapo, anasema, alijua habari zote za dobi: nani ana homa, nani amepigwa na mumewe, nani hakula. Na hapo, bila kumwambia mtu, kwa kila shuka aliomba neno moja kwa yule atakayelilalia, ambaye hakuwahi kumjua. Hebu fikiria, mashuka yote ya miaka yote ile. Nilisimama na pembe zangu mkononi, nikajisikia fahari kana kwamba ni mimi niliyeyakunja.

Mwenzake mmoja, nesi mstaafu, sikio lake moja halisikii, kwa hiyo anaongea kama yuko ng'ambo ya mto. Nikawauliza yeye na mama, wao wanaona kuzeeka vizuri ni nini. Nilitegemea nisikie mambo ya mboga za majani na kutembea asubuhi.

"Ni kutokuwa na deni la hasira!" akapayuka nesi. "Mimi niliyekuwa sisemi naye nimeshamfuata nikamaliza. Akanifukuza, lakini mimi nimemaliza!"

Mama alicheka, akavuta shuka. "Mimi naona ni kuachia. Vitu vyote hivi vitaondoka mkononi. Ukisubiri vinyang'anywe, utakuwa mzee wa kulialia kila siku. Mimi naviachia mwenyewe, kimoja kimoja, nikiwa nimesimama. Uongozi wa sala niliutoa kabla sauti haijakatika. Sindano ya kutia viraka nilimpa huyu nesi macho yalipoanza kunidanganya. Maneno yangu nayo, nimempa Mungu asubuhi moja. Miaka yote nilikuwa namwomba, namwomba, kwenye ngurumo za mashine, sikuwahi kumwacha aseme yeye."

"Na anasema nini?" nikauliza.

"Mambo yetu," akasema, na hapo sikupata zaidi.

Ningeishia hapa kama ningekuwa nataka kumtia mama nakshi tu. Lakini siku moja kabla ya kikao, mchana, nilikuwa uani naanika nguo nikasikia harufu. Nilipoingia jikoni moshi ulikuwa mweusi, sufuria ya maharage imekauka na kuungua mpaka chini, taulo lililoning'inizwa juu ya jiko limeanza kushika moto kwenye pindo. Nikalivuta, nikalikanyaga, nikazima gesi. Mama alikuwa chumbani anapanga mashuka, hakusikia wala kunusa.

Alikuja akasimama mlangoni. Nilidhani atatania. Hakutania. Alikaa kwenye kigoda, akautazama weusi wa sufuria, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mzee.

"Hii ni ya pili," akasema.

Ya kwanza hatukuijua. Nikaona kikao kimeshakwisha kabla hakijaanza. Redio akilijua hili hata malaika wote wasimame na mama, atabebwa tena mzobemzobe, na safari hii harudi.

"Mama, mimi sitasema," nikamwambia.

Akainua uso haraka. "Utasema. Nani amekutuma uje kunisaidia kudanganya?"

Kisha akajikaza kisabuni, akainuka, akafunga koki ya mtungi wa gesi. Akaenda kwa miguu yake kwa mke wa seremala. Nilimfuata. Akamwambia bila kupinda: kuanzia leo mimi siwashi moto peke yangu. Unga wangu na mboga zangu nitaleta kwako, tupike pamoja, tule pamoja. Jiko langu chukua, lako moja halitatosha. Mke wa seremala, ambaye tangu siku ya yowe alikuwa anapita kwa mama ameinamisha kichwa kwa aibu, alimkumbatia palepale mlangoni.

Tuliporudi, mama alipangusa ile sehemu tupu lilipokaa jiko, akaipangusa tena. Chozi moja lilimtoka, akalifuta kwa kile kile kitambaa. "Lilikuwa jiko zuri," akasema. Mimi nililia zaidi yake.

Kikao kikakaliwa sebuleni. Redio alifungua, na akifungua Redio mnajua. Alieleza mapenzi yake kwa mama, ubora wa chumba cha chini, hali ya hewa, hatari za mjini, akarudi kwenye chumba cha chini. Wifi alianza kulia kwenye hali ya hewa. Mume wangu alitazama miguu yake. Mama alikaa na gauni lake la pasi, ameketi wima, kama siku ya ukaguzi.

"Sasa shemeji," Redio akanigeukia, "wewe umekaa naye. Sema ukweli, usiogope mtu."

Nikasimama.

"Sufuria iliungua jana. Taulo lilishika moto. Na si mara ya kwanza."

Wifi akapiga ukelele. Redio akapiga paja. "Si nilisema! Si nilisema jamani!"

"Shemeji, sijamaliza. Kwa mara moja tu maishani mwako, nakuomba unisikilize." Sijui ujasiri ule niliutoa wapi, na mume wangu mpaka leo anauliza. "Mama amelitoa jiko mwenyewe. Hakuambiwa na mtu. Hakusubiri kikao. Mimi nilitaka kuficha, akanikataza. Mimi nina nguvu zangu zote, na nina mambo nimeshindwa kuyaachia mpaka leo. Nilitumwa nije niangalie mzee anavyoisha. Nimemwona mtu anayejua anachoweza na asichoweza, na hamdanganyi mtu kuhusu vyote viwili. Hiyo ndiyo taarifa yangu."

Nikakaa. Mume wangu, yule wa maneno yaliyokwisha, akasema, "Kweli." Kwake hiyo ni hotuba.

"Kwa hiyo tusubiri aungue na nyumba?" Redio sauti imepanda. "Ndiyo mnachotaka? Majirani waje kunipigia simu mara nyingine, na safari hiyo iwe kweli?"

Mama akasema taratibu, "Baba, unaogopa nini? Sema hicho, chumba cha chini tumekisikia."

Sauti ya Redio iliyokuwa juu ikashuka.

"Nilikukuta umelala pale, mama. Pale." Alionyesha sakafu. "Kabla hujafumbua macho. Mikono kifuani. Mimi nilishakuzika. Njia nzima naendesha nilikuwa nimeshakuzika." Akafunika uso, jitu zima lile, akalia.

Mama aliinuka, goti la kulia likalalamika, hakulijali. Akaenda akakaa ubavuni kwake, akamshika shingo kama mtoto mwenye homa.

"Pole, baba. Hapo nilikosea. Ningewaambia. Nilidhani ni jambo langu na Mungu, nikasahau kwamba na nyie mmo." Akamwacha alie mpaka alipotulia. "Sasa nisikilize. Kwako ni kuzuri na moyo wako naujua. Lakini kule nitahudumiwa kabla sijachoka, nitakatazwa kabla sijashindwa, na nitageuka mgonjwa nikiwa mzima. Kazi yangu iko hapa. Wanawake wa Alhamisi wako hapa. Siku nitakayoshindwa kukaa peke yangu nitajua, na nitasema, kama nilivyosema kwa jiko. Nitakupigia mimi mwenyewe, nikuambie, mwanangu, njoo unichukue. Utakuja?"

"Nitakuja."

"Nami nitatoka bila kuvutwa. Sijawahi kuwapa ahadi nikaivunja." Akamtazama. "Ila kuna siku nyingine, hiyo sitapiga simu. Hiyo mtanikuta tu. Usiiogope kwa niaba yangu. Mimi najiandaa nayo kila Jumanne, na nakuambia kweli, sijaona kitu cha kutisha."

Hata wifi aliacha kulia.

"Na hofu yako hii haitatulizwa na choo cha ndani," mama akaongeza. "Njoo Jumanne. Ukae."

"Nikae nifanye nini?"

"Hakuna kitu. Ndiyo kazi yenyewe."

Tulipotoka nje mume wangu alinong'ona kwamba Redio kunyamaza asubuhi nzima, labda tumfunge kitambaa. Mimi niliweka dau moyoni kwamba hataweza hata nusu saa.

Jumanne nilipita kuchukua begi langu nililolisahau. Ilikuwa imebaki kidogo saa sita igonge, nikasimama kwenye kivuli cha karakana nisije nikawakatisha. Dirisha lilikuwa wazi. Mama yuko kwenye mkeka, kanyooka, uso umetulia, mzuri kuliko picha yake ya ujana. Ubavuni mwake, sakafuni, Redio, viatu kavua, simu sijui kaiacha wapi, amekaa ameegemea ukuta akimtazama mama yake. Hakugeuza kichwa hata seremala alipowasha msumeno.

Alitoka baadaye akanikuta. Macho yalikuwa mekundu lakini hakuwa amelia kwa huzuni, hilo nalijua kwa sura ya mtu. Nikamngoja aanze, maana asubuhi nzima ya maneno lazima ilikuwa imejaa kifuani mwake.

"Shemeji," akasema, "nimemsikia akipumua. Nina umri huu wote, sikuwahi kumsikia mama yangu akipumua."

Akaenda kwenye gari lake, akafungua mlango, akabaki ameushika bila kuingia.

"Jumanne ijayo na wewe uje," akasema. "Ila uje kimya."